Naandika hadithi ya upelelezi ya zamani Dodoma, mpelelezi ni mama mshonaji wa kundi la sanaa. Naomba msaada isiwe ya uongo

BintiChangombe

Mbukwenyi wadau, na mlioko mikoa mingine habari za saa hizi.

Niko Dodoma mjini, naandika hadithi ya upelelezi ya zamani, zile za kusoma umejilaza, damu haimwagiki hovyo, anakufa mtu mmoja na hata hatumwoni akifa, alafu kazi inabaki kujua nani kafanya na kwanini. Mpelelezi wangu ni mwanamke. Nimesoma sana hadithi zetu za upelelezi na toka Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alivotoka mwaka 1960 mpaka akina Willy Gamba na Joram Kiango, anaevuta kiko au anaebeba bastola ni mwanaume, mwanamke yeye ni mrembo wa hotelini au ndo maiti yenyewe. Mi nataka mama wa makamo, ana cherehani, ana watoto, hana bastola, ila hakuna kinachompita.

Mama Nyemo wangu anashona maleba, yaani nguo za jukwaani, ya kundi la sanaa. Kundi lina bendi, lina akina mama wapiga muheme (ngoma ya Wagogo) kutoka huku kwetu, wachekeshaji wawili wa kujaza nafasi bendi ikipumzika, na kijana wa sarakasi (wale waliopelekwa China kujifunza miaka ya 1960). Wanatoka Dar kwa treni kuja Dodoma mwaka 1974, yaani mwaka mmoja baada ya TANU kuamua makao makuu yahamie huku, mji una pilikapilika. Asubuhi ya shoo kiongozi wa kundi anakutwa amekufa chumbani na pesa za mapato hazipo.

Nilipokwama ni hapa. Mshonaji anapata wapi nguvu ya kuwauliza watu maswali na wao wakajibu? Alafu wakishafika mjini kila mtu anaweza kuondoka zake, nawabanaje wakae sehemu moja? Na kikubwa zaidi naogopa kuweka kitu ambacho mwaka huo hakikuwepo, wazee wakisoma wanifungie kitabu ukurasa wa pili. Kazi hii naipenda sana, naombeni msinionee huruma, semeni ukweli.

MzeeWaMataruma

Mwanangu nimeipenda. Mimi nimekulia kwenye kota za reli, baba alikuwa genge la kutengeneza reli, kwahiyo nitasema ya reli tu mengine nawaachia wenyewe.

Kwanza mwaka 1974 usiandike Shirika la Reli Tanzania, halikuwepo. Wakati ule ilikuwa Reli ya Afrika Mashariki, ya Jumuiya, ya nchi tatu. TRC imezaliwa 1977 Jumuiya ilipovunjika. Posta na simu hivyo hivyo zilikuwa za Jumuiya. Ukikosea hapo kweli mimi nitafunga kitabu.

Pili usiwafikishe Dodoma. Wakwamishe njiani! Mtu yeyote wa laini ya kati anajua kipande cha Kilosa mpaka Gulwe, mvua ikinyesha milimani maji yanashuka mto Kinyasungwe yanakula tuta la reli, mataruma yanabaki yananing'inia hewani. Ni shida ya miaka na miaka. Treni inafika Gulwe au Godegode inaambiwa laini imekatika mbele na nyuma, abiria wanakaa hapo mpaka magenge yarudishe tuta. Hakuna basi la maana, barabara nayo ni tope, kinachotembea ni kiberenge cha mainjinia peke yake. Habari zote zinapita kwenye simu ya stesheni masta, kwahiyo anaejua nani kapiga na kasema nini ni huyo mmoja. Polisi watatoka Mpwapwa, maana Gulwe ndiyo stesheni ya kushukia kwenda Mpwapwa, ila na wao tope linawasubiri. Hapo una siku mbili tatu za mama yako kufanya kazi yake bila kusumbuliwa na muuaji hana pa kwenda.

Msimu wetu ni mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili. Usije ukaniandikia mafuriko ya mwezi wa nane.

Nsimba_Mpwapwa

Mtanisamehe mimi sitapiga makofi haraka. Dada, mwaka 1974 unaujua vizuri? Kuanzia 1971 kulikuwa na Operesheni Dodoma, watu walihamishwa kupelekwa vijiji vya ujamaa, baadae ikawa nchi nzima. Alafu ukaja ukame, 1974 na 1975 chakula kilikuwa shida kubwa na huku kwetu ndo usiseme, njaa Ugogo ina historia yake. Sasa unataka kuweka hadithi laini ya kusoma umejilaza, watu wana gita na mavazi ya kumeta, na nje ya dirisha la treni kuna watu hawana mahindi? Bibi yangu alikuwa katika hao. Sisemi usiandike, nasema ukiandika mwaka huo huwezi kupita pembeni kama huoni, na ukiwaangalia vizuri basi hadithi haitakuwa laini tena.

Na mzee hapo juu anasema mafuriko, mwaka wa ukame huo mafuriko utayapata wapi? Msomaji wa huku atakuuliza.

BintiChangombe

Nsimba nimekusoma mara mbili. Una haki na hilo swali nilikuwa nalikwepa. Sitaki njaa ya watu iwe pambo la nyuma ya jukwaa. Naomba kujua, ungekuwa wewe ungechagua mwaka gani?

Nsimba_Mpwapwa

Ningesogeza mbele. Mwisho wa Januari 1977. Fikiria, CCM inazaliwa tarehe 5 Februari 1977, TANU na ASP zinaungana, nchi nzima ina sherehe, kundi lako lina sababu ya kusafiri kwa haraka na sababu ya kuogopa kuchelewa. Mvua ni msimu wake. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ndo inakufa siku hizo hizo, kwahiyo kwenye behewa mnaweza kukaa na mfanyakazi wa reli ambaye hajui mwezi ujao mwajiri wake ni nani. Hapo una wasiwasi wa kutosha bila kuchezea njaa. Watu wana kadi ya chama kinachoondoka na wanasubiri cha kuja, kila mtu anahesabu atakuwa nani baada ya wiki moja.

MzeeWaMataruma

Huyu kijana kasema. Hiyo 1977 ni nzuri kuliko yako mwanangu, na mabehewa bado yana maandishi ya zamani.

zeze_na_ilimba

Chamwino hapa. Nimefurahi umeweka akina mama wa muheme maana watu wengi nje ya Dodoma wanadhani mpiga ngoma lazima awe mwanaume. Kwetu ngoma za muheme wanapiga wanawake, ngoma ina kiuno, unaibana katikati ya magoti na unapiga kwa mikono, na ni ngoma ya heshima, ya jando na unyago, sio ya kuchekesha wageni tu. Ukija kwenye tamasha la muziki wa Wagogo hapa Chamwino utawaona wenyewe, kaa nao karibu usikilize, utajifunza kuliko kusoma.

Sasa dokezo lako la kwanza naomba litoke kwenye ngoma. Ngoma ya ngozi kabla ya kupigwa lazima uipashe moto, ngozi ikaze, sauti ipande. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo ngozi inalegea, akina mama watawasha moto pembeni ya stesheni wazipashe. Wanapasha, zote zinaitika, moja inakataa. Imekaa na moto sawa na wenzake lakini sauti bado nzito, imefunga. Mwanaume wa bendi mwenye spika na gita la umeme hatasikia tofauti hiyo hata kidogo. Mama aliyeipiga tangu msichana atajua hapo hapo kwamba ndani ya ngoma kuna kitu, na chini iko wazi, mtu anaweza kusokomeza bunda la noti limefungwa kwenye kitambaa. Na kitambaa hicho ni bitana ya nguo aliyoishona nani? Mama Nyemo. Basi ana sababu ya kulifuatilia maana ni mshono wake.

Na usisahau kuwa wakati huo msanii wa Kigogo alikuwa ana jina kubwa mjini, Hukwe Zawose alitoka huku Dodoma na zeze lake na ilimba (ile ya kupiga kwa vidole gumba), Mwalimu Nyerere akamchukua Dar, baadae akaja kuwa Bagamoyo mpaka alipofariki 2003. Kwahiyo wale akina mama wako wasiwe watu wa kuonewa huruma, wawe na kiburi cha kazi yao. Wanajua kuwa wao ndo shoo yenyewe.

Kijana_wa_Area_D

Mi naona mnamrahisishia sana. Mwanamke mpelelezi enzi hizo nani angemsikiliza? Hata huko kwa wazungu ilikuwa ngumu, msomaji ataona ni ya kutunga.

mwl_mstaafu_Kongwa

Kijana, mwaka 1856 mjane mmoja anaitwa Kate Warne aliingia ofisi ya upelelezi ya Allan Pinkerton kule Chicago kuomba kazi, yeye Pinkerton akadhani anataka ukarani, mama akamwambia anataka upelelezi, kwa sababu mwanamke anaingia sehemu ambazo mwanaume haingii na wanawake wenzake watamwambia mambo. Akapewa kazi. Mwaka 1861 alikuwemo kwenye kumsindikiza Lincoln apite Baltimore salama, akijifanya dada wa mgonjwa. Zaidi ya miaka mia kabla ya huyu Mama Nyemo. Kwahiyo la kutowezekana liache.

Sasa binti yangu wa Chang'ombe, swali lako la nguvu ya kuuliza mbona jibu lake liko nyumbani? Mfanye balozi wa nyumba kumi! Mwaka 1977 mgeni akilala kwenye nyumba kumi zako lazima ujue katoka wapi, anaenda wapi, anakaa siku ngapi. Ugomvi wa mume na mke unaanzia kwa balozi, kuku akipotea balozi. Huyo mama asiwe anasafiri na kundi, awe anaishi Gulwe, mume wake yuko genge la reli, anashonea watu nguo barazani, na treni ikikwama wasanii wanagawanywa kulala kwenye nyumba zake kumi. Kuuliza maswali ni wajibu wake, anaandika kwenye daftari lake la mstari mmoja mmoja na hakuna atakaeshangaa. Na kazi ya kushona inabaki, maana maleba yameloa, yamechanika, watamletea yeye. Mtu akivuliwa koti lake na kupimwa kiuno anaongea.

La pili ni la jukwaani. Mathias Mnyampala, aliyezikuza ngonjera, alikuwa mtu wa hapa hapa Dodoma, amefariki 1969, na baada ya Azimio la Arusha ngonjera zilikuwa kila shule na kila jukwaa. Kiongozi wako aliyekufa mfanye mtunzi wa ngonjera. Pembeni yake ikutwe karatasi ya beti, inakiri kuwa yeye ndiye aliyeiba mapato na anaomba radhi. Stesheni masta anaisoma anaona kesi imeisha. Mama Nyemo anaisoma kwa sauti, anarudia, anahesabu kwa vidole. Karatasi imeandikwa "Fedha nimechukua mimi, msisumbuke kutafuta". Hesabu mwenyewe, ni mizani, yaani silabi, tisa kwa tisa. Mtunzi aliyezoea nane kwa nane maisha yake yote angeandika "Fedha nimezichukua, msihangaike ndugu" bila hata kufikiri, mkono wake ungekataa hiyo nyingine. Kwahiyo aliyeandika ni mtu anaezisikia ngonjera kila siku jukwaani lakini hajawahi kutunga, kina anakijua kwa masikio ila mizani haijui. Hapo umeshapunguza watuhumiwa kwa nusu.

BintiChangombe

Mwalimu shikamoo. Nimesoma nimesimama nikazunguka chumba. Balozi! Na hiyo ya mizani nimeihesabu kwa vidole kama ulivosema.

Sababu ya kuua nilikuwa nimeweka wivu wa mapenzi ila naona kama imechoka, kila hadithi ina wivu wa mapenzi.

solo_la_zamani

Iache hiyo ya mapenzi. Sababu iko kwenye vyombo. Vijana wa saivi hawajui, bendi nyingi za wakati ule mwanamuziki hakuwa na gita lake, vyombo vilikuwa vya chama au vya shirika, angalia NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi toka 1964. Unapiga miaka kumi, nyimbo zako zinarekodiwa Radio Tanzania nchi nzima inaimba, siku ukitaka kuhamia bendi nyingine unatoka mikono mitupu, gita unaliacha, spika unaziacha, hata yale mavazi ya shoo unavua. Televisheni bara hakuna mpaka 1994, redio ndo kila kitu, kwahiyo jina lako linajulikana ila sura yako mtu akipishana na wewe sokoni hakujui na mfukoni huna kitu. Hapo una mtu mwenye uchungu wa kweli. Kiongozi anajua kuwa mpiga solo au mwimbaji anataka kuhama, ana barua yake mkononi, anatishia kuitoa mbele ya wakubwa siku ya sherehe. Muuaji wa namna hiyo msomaji atamwelewa na atasikitika akikamatwa, na mimi naona hadithi hizi laini ni nzuri pale unapomsikitikia hata huyo aliyekosa.

Kama unataka kifo cha jukwaani kabisa, kuna cha kweli, London 23 Machi 1918, mwanamazingaombwe aliyejiita Chung Ling Soo, kumbe ni Mmarekani anaitwa William Robinson, mchezo wake ulikuwa wa kudaka risasi, siku hiyo bunduki ya mchezo ikatoa risasi kweli, akaanguka mbele ya watu na kesho yake akafa. Kwenye uchunguzi wakasema ni ajali, bunduki ilikuwa imechakaa. Ila ona lilivyo, kwa kitambo watazamaji hawajui kama ni shoo au sio shoo. Wachekeshaji wako wanaweza kukupa hiyo, mmoja ana mazoea ya kujifanya amekufa jukwaani, siku anapiga kelele kuwa bosi kafa watu wanacheka.

mke_wa_Chilonwa

Jamani hodi. Mimi ni Mhehe nimeolewa huku Ugogo, na kuna kitu mmekiacha kikubwa kuliko vyote. UTANI. Wahehe na Wagogo ni watani! Huyo Mama Nyemo msimfanye Mgogo, mfanyeni Mhehe wa Iringa aliyeolewa Gulwe. Marehemu awe Mgogo.

Mnajua mtani kwenye msiba anavofanya. Anakaa njiani anazuia watu mpaka apewe kitu, anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivokuwa anatembea, anavoongea, anavokula, na hakuna ruhusa ya kukasirika, ukikasirika wewe ndo mwenye kosa. Nimefanya mwenyewe kwa mzee mmoja jirani, watoto wake walilia na kucheka kwa pamoja, wakanishukuru baadae. Sasa hao ni wasanii, wamezoea wao ndo wa kuigiza na wengine kuangalia. Safari hii Mama Nyemo anaigiza na wao ndo watazamaji. Anavaa koti la marehemu, anaigiza usiku wa mwisho, anatoka mlangoni, anajikuna shingo kama yeye, anatembea mpaka kwenye behewa la mizigo, watu wanacheka wanafuta machozi, na makusudi anakosea kitu kimoja. Mtu mmoja katikati ya watu anaropoka, "koti hakuwa nalo, alikuwa amejifunga shuka." Kimya. Maana kila mtu ameshasema marehemu alienda kulala mapema na hakuna aliyemwona tena. Wewe ulimwona wapi na shuka?

Polisi hawezi kufanya hivo. Stesheni masta hawezi. Mtani anaweza, na ni haki yake kabisa ya mila, hajaiba hajadanganya mtu.

mwl_mstaafu_Kongwa

Mama, hapo umemaliza kazi. Mtu wa jukwaani hawezi kuvumilia kuona igizo limekosewa, atarekebisha tu, ni ugonjwa wao. Ndo maana mtego huo utafanya kazi kwa wasanii, kwa watu wengine usingefanya.

Nsimba_Mpwapwa

Nami nimekubali sasa. Ombi moja tu dada, nakuomba kwa dhati, usije ukamfanya muuaji kuwa mgonjwa aliyetoroka Mirembe, hospitali yetu ya wagonjwa wa akili. Kila hadithi ya Dodoma inakimbilia huko. Wale ni wagonjwa na wana ndugu zao, na wengi wetu tuna mtu aliyetibiwa pale akarudi nyumbani akafanya kazi.

BintiChangombe

Nsimba halitakuwepo hilo, nakuahidi.

Basi nimebadilisha karibu kila kitu na moyo wangu umetulia. Gulwe, mwisho wa Januari 1977, mvua. Mama Nyemo ni Mhehe, balozi wa nyumba kumi, mshonaji, mume yuko genge na ametolewa kwenda kurudisha tuta kwahiyo nyumbani yuko na watoto na wageni wanne. Kitu kinachonifurahisha ni kwamba kila anachokijua amekipata kwa kazi zake mwenyewe, ubalozi, sindano, utani, na kusikiliza akina mama wenzake wanaosema hii ngoma ina kitu. Hajapewa akili za ajabu. Muuaji ni mwimbaji, nitamwandika kwa huruma kama solo_la_zamani alivosema, na barua yake ya kuhama bendi itakutwa imeshonewa ndani ya pindo la suruali ya shoo, mshono wa mkono, mbaya, wa mtu asiyejua kushona.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Pesa zimetokaje kwa kiongozi mpaka kwenye ngoma bila mtu kuona, maana ngoma zilikuwa behewa la mizigo na usiku behewa linafungwa?

MzeeWaMataruma

Gadi. Mmemsahau gadi wa treni, funguo za behewa la mizigo ziko kwake, na treni ikikwama usiku wa mvua gadi hakai nje, anaenda ofisini kwa stesheni masta ambako kuna karabai na chai, na koti lake la mvua linaning'inia kwenye msumari pale mlangoni na funguo zikiwemo mfukoni. Mwambie mama yako aulize nani aliingia kuomba chai.